Mwanzo wa Ngoma ni Lele



Mwezi huu tunapenda tuzungumze juu ya kazi ya kwanza ya mtoto. Hatusemi kazi za nyumbani, kuteka maji au kuosha vyombo. Tunasema ile kazi anayoitoa mwenyewe kichwani na moyoni mwake, akaileta mbele ya watu kwa mara ya kwanza: wimbo aliourekodi, gauni aliloshona, ngonjera aliyotunga kwa ajili ya sikukuu, banda la kuku alilojenga kwa akiba yake. Siku hiyo mtoto husimama akitutazama usoni, nasi husema neno. Neno hilo laweza kukaa naye miaka mingi.

Siku hizi jambo hili liko karibu nasi kuliko zamani. Hapa Boko, kama ilivyo Bunju na Tegeta, kijana mwenye kompyuta na kipaza sauti hujifungia chumbani, akarekodi wimbo jioni, na kabla ya usiku wimbo umeshafika kwenye simu za majirani. Mama mmoja alitueleza jinsi mwanawe alivyomsikilizisha wimbo wake wa kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mbona unaimba kama fulani?" Hakuwa na nia mbaya; kwake hiyo ilikuwa sifa. Kijana aliichukua simu yake akatoka nje, na tangu hapo hajamsikilizisha mama wimbo mwingine.

Tumeona basi tuwasimulie habari za mwanamuziki mmoja mwenye asili ya jirani zetu wa Uganda. Albamu yake ya kwanza ilipata sifa na lawama kwa wakati mmoja, na yaliyompata baadaye yana mafunzo kwetu sisi tunaolea.

KIJANA WA MUSWELL HILL

Michael Kiwanuka alizaliwa London mwezi Mei 1987. Wazazi wake ni Waganda waliokimbia utawala wa Idi Amin. Wengi wetu tulisimuliwa na wazazi habari za miaka ile. Amin alichukua madaraka kwa nguvu Januari 1971, majeshi yake yakaivamia Kagera mwaka 1978, na Aprili 1979 majeshi yetu pamoja na wapiganaji wa Uganda yakaingia Kampala. Katika miaka hiyo Waganda wengi walitawanyika duniani, kila mmoja akibeba alichoweza kubeba.

Wazazi wa Michael walipata makao Muswell Hill, kaskazini ya London, mahali ambapo watu weusi walikuwa wachache. Kijana akakulia huko akilipenda gitaa. Alipokua alianza kuwapigia gitaa wanamuziki wengine, akiwa amesimama nyuma yao, kabla hajathubutu kusogea mbele na kuimba nyimbo zake mwenyewe.

Nyimbo hizo zilikuwa za aina iitwayo soul, yaani roho. Huu ni muziki wa Wamarekani weusi, uliozaliwa katika miaka ya 1950 pale waimbaji waliolelewa kanisani walipochukua namna ya kuimba ya kanisani, ile ya kuita na kuitikia, ya kupaza sauti na kulia, wakaiingiza katika nyimbo za mapenzi, shida na maisha ya kila siku. Ray Charles na Sam Cooke ni miongoni mwa walioanza. Msikilizaji wa kwaya zetu hapati shida kuuelewa muziki huo, hata kama hajui neno moja la Kiingereza. Michael mwenyewe ni Mkristo, na imani yake inasikika katika baadhi ya nyimbo za albamu yake ya kwanza.

SIFA KABLA YA KAZI

Mwaka 2011 Michael alipata bahati ambayo vijana wengi huiota: alichaguliwa kuimba akimtangulia Adele katika ziara yake, wakati ambapo Adele alikuwa akivuma kuliko karibu waimbaji wote duniani. Kisha Januari 2012 shirika la utangazaji la BBC likatangaza matokeo ya kura yake ya kila mwaka, ambayo wajuzi wa muziki huwataja wasanii wapya wanaotarajiwa kung'ara. Yeye akawa wa kwanza.

Angalieni tarehe, akina mama. Hiyo ilikuwa Januari, na albamu yake ya kwanza, iitwayo Home Again, ilitoka Machi. Kijana wa miaka 24 alitangazwa kuwa tumaini la mwaka miezi miwili kabla watu hawajaisikia kazi yake yote. Sisi tunaijua hali hiyo. Ni kama mtoto anayeitwa "daktari wetu" na ukoo mzima tangu darasa la tano. Kila shangazi anayepita hapo nyumbani humwita hivyo, na kila akiitwa hivyo mzigo unaongezeka kilo moja. Matokeo ya kidato cha nne yakija na daraja la pili, ambalo ni zuri, nyumba nzima inanuna kana kwamba amefeli.

Wahenga walisema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Lakini wako wagema wa aina nyingine ambao wahenga hawakuwataja katika methali hiyo. Hao wakisifiwa hawalewi sifa, bali huingiwa na hofu, wakaanza kujiuliza kama kweli wanajua kupanda mnazi. Mtoto wa namna hiyo hatumsaidii kwa kumwongezea sifa.

WALIOSIFU NA WALIOLAUMU

Albamu ilirekodiwa na mtayarishaji Paul Butler katika kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Ni muziki wa taratibu, wenye gitaa, filimbi na vinanda vya nyuzi, uliotengenezwa ili usikike kama santuri za miaka ya 1970. Ilipotoka ilipanda hadi nafasi ya nne katika orodha ya mauzo ya Uingereza. Mwaka huohuo iliteuliwa kuwania Tuzo ya Mercury, ambayo hutolewa kwa albamu bora ya Uingereza na Ireland, ingawa haikushinda.

Wakosoaji waligawanyika. Waliosifu walisema sauti yake ina joto na ukomavu uliozidi umri wake. Walimfananisha na wakongwe wa Marekani kama Bill Withers na Otis Redding. Waliolaumu nao walianzia hapohapo kwenye kufananisha. Walisema ni muziki mzuri lakini wa kuazima, laini kupita kiasi, na usiothubutu. Kwa maneno yetu ya nyumbani, walimwona kijana aliyevaa koti la baba yake: koti ni la kitambaa kizuri, limepigwa pasi, lakini mabega si yake.

Tukisema kweli, hao wa pili hawakuwa maadui. Yeyote anayeisikiliza albamu ile leo, pamoja na zilizofuata, atakubali kwamba walikuwa wamegusa jambo. Kijana alikuwa bado anaimba kwa adabu ya mgeni sebuleni, aliyekaa kwenye ncha ya kiti. Ila wao walisikiliza kazi ya siku moja. Wala haikuwa kazi yao kumjua mwimbaji alikotoka na alikokuwa akielekea.

Jambo hili si geni katika muziki huo. Aretha Franklin, ambaye baadaye aliitwa malkia wa soul, alikuwa binti wa mchungaji wa Kibaptisti mjini Detroit. Alifiwa na mama yake akiwa hajatimiza miaka 10, akakua akiimba katika kanisa la baba yake. Kuanzia mwaka 1961 alitoa albamu moja baada ya nyingine katika kampuni ya Columbia. Kila mtu aliikubali sauti yake, lakini aliimbishwa nyimbo za kila mtindo, za jazi na za majukwaa ya maigizo, na mafanikio yakawa ya wastani. Miaka ikapita hivyo. Mwaka 1967, akiwa katika kampuni nyingine, alikaa kwenye piano akaimba kwa namna aliyoizoea kanisani, na dunia nzima ikageuka kumsikiliza. Sauti ilikuwa ileile ya siku zote.

MIAKA MINNE

Baada ya Home Again, mashabiki walisubiri albamu ya pili. Ilichukua miaka minne. Katikati ya miaka hiyo Michael alirekodi nyimbo ambazo hazikukubalika, zikawekwa kando. Mwanamuziki mashuhuri wa Marekani, Kanye West, alimwalika ashiriki katika kazi yake. Vijana wangapi wangeruka kwa furaha! Yeye alikwenda, akakaa huku akijiuliza wamemwitia nini, akaondoka. Baadaye alieleza wazi katika mahojiano kwamba alikuwa akijiona hastahili, na kwamba alifikia hatua ya kufikiria kuacha kabisa.

Hapo ndipo tunapowaomba msimame kidogo. Kijana huyu hakukataliwa. Albamu yake ilikuwa imeuzwa vizuri na imeteuliwa kuwania tuzo kubwa. Kilichokuwa kikimwangusha kilikuwa ndani: sauti iliyomwambia kwamba mahali alipo si pake, na kwamba siku moja watu watamgundua. Wako watoto wetu wenye sauti hiyo ndani yao. Huwatambui kwa kulia. Utawatambua kwa kuacha. Aliyekuwa akichora haonekani tena na penseli, na aliyekuwa akiimba kwaya anasema ana mafua kila Jumamosi ya mazoezi. Ukimuuliza, anajibu, "Nimechoka tu, mama."

Mwishowe Michael alikutana na watayarishaji waliomsukuma aende mbele bila kumbadilisha, akiwamo kijana wa London aitwaye Inflo na Mmarekani aitwaye Danger Mouse. Albamu ya pili, Love & Hate, ilitoka Julai 2016. Wimbo wake wa kwanza una urefu wa dakika 10 hivi, na sauti ya mwimbaji haianzi mpaka dakika kadhaa zimepita. Mtu anayeogopa kuwachosha wageni hathubutu kufanya hivyo. Katika wimbo mwingine alisema waziwazi juu ya kuwa mtu mweusi katika dunia ya weupe, jambo aliloliishi tangu utotoni. Albamu hiyo ilishika nafasi ya kwanza Uingereza.

JINA LA KWAO

Iko habari moja ambayo sisi tumeipenda kuliko zote. Michael ameeleza kwamba tangu shuleni watu walikuwa wakipata tabu kulitamka jina lake, na alipoanza biashara ya muziki aliulizwa atajiita nani, kana kwamba jina la nyumbani halifai kuandikwa kwenye albamu. Hakulibadilisha. Na mwaka 2019 alipotoa albamu ya tatu aliiita kwa jina hilo tu, Kiwanuka.

Kwetu sisi jina hilo si geni. Wasomaji wanaojua orodha ya Mashahidi wa Uganda watamkumbuka Achileo Kiwanuka, aliyeuawa kwa ajili ya imani yake mwaka 1886. Ni jina la Kiganda lililo jepesi kabisa midomoni mwetu. Ugumu wake ulikuwa katika masikio ya wageni, naye mtoto aliyekulia kati yao angeweza kuamini kwamba kasoro ni ya jina. Septemba 2020 albamu hiyo ilipata Tuzo ya Mercury, ileile aliyoikosa kwa albamu ya kwanza miaka minane kabla. Mwaka 2024 alitoa ya nne.

MSTARI KWENYE KADI

Sisi tuliozoea kliniki ya watoto tunaifahamu picha moja. Mama anamshusha mtoto wake wa miezi saba kwenye mizani, kisha macho yake yanakwenda kwa mtoto wa jirani aliye mnene. Anasema kwa unyonge, "Wa mwenzangu ana kilo tisa, wangu saba na nusu." Muuguzi hamjibu haraka. Anaifungua kadi, anaweka alama ya mwezi huu, kisha anaiunganisha na alama za miezi iliyopita. Anachotazama zaidi ni mstari. Ukiwa unapanda vizuri kwa njia yake, mtoto anakua, hata kama ni mdogo kuliko wenzake. Ukilala, muuguzi anauliza: ameugua? Ananyonya vizuri? Anakula nini, na mara ngapi kwa siku? Ukishuka, hatua zinachukuliwa upesi. Alama moja peke yake haitoshi kutueleza safari ya mtoto.

Na jambo jingine: mizani haibembelezi. Muuguzi hawezi kuandika kilo nane mahali pa saba na nusu eti mama asihuzunike. Akifanya hivyo atamdhuru mtoto. Kwa hiyo hatuwaambii kwamba kumpenda mtoto ni kuisifu kila kazi yake. Waliosema albamu ya kwanza ya Kiwanuka ni ya kuazima walisoma mizani ya siku ile. Kosa lingekuwa kuifanya alama ya siku ile kuwa mtoto mwenyewe.

Wala tusidanganyane kwamba kila anayevumilia atapewa tuzo. Watoto wetu wengi hawatapata tuzo yoyote, na gauni la binti yako huenda lisivuke mtaa wa pili. Alama za kutazama kwenye kadi ni nyingine. Je, kazi yake ya mwaka huu ina mkono wake zaidi kuliko ya mwaka jana? Je, bado anaipenda? Je, anapokosea hurudi kwenye cherehani, au huificha chini ya kitanda?

YATUFAAYO NYUMBANI

Kwanza, mtoto akileta kazi yake, tuache tunachofanya. Kama ni wimbo, tuusikilize hadi mwisho bila kuchungulia sufuria. Wengine huona dakika nne ni nyingi, na huku tumesubiri miezi tisa kumwona.

Pili, tutaje kitu kimoja kilicho chake. "Pale uliposhusha sauti, nilisisimka." "Hii kola umeikata mwenyewe? Imekaa vizuri." Maneno kama "safi sana" hupita kama upepo. Jambo mahususi humwonyesha kwamba tumeona.

Tatu, tukiwa na la kurekebisha, tulitaje kama jambo la kazi, wala tusiligeuze kuwa tabia ya mtoto. "Maneno ya ubeti wa pili hayasikiki" ni mizani. "Wewe siku zote huna uvumilivu" ni hukumu. La kwanza anaweza kulitengeneza kesho asubuhi, la pili atalala nalo.

Nne, tuogope kufananisha, hata na watu wakubwa. Kumwambia mtoto anaimba kama fulani ni kumwambia kwamba kiti kile kina mwenyewe. Kuiga si dhambi. Kila fundi ameanza kwa kuiga mkono wa aliyemfundisha, na koti la baba limewapa joto wengi wakati wakingoja la kwao lishonwe. Ila tumwulize, "Na wewe mwenyewe unataka isikikeje?"

Tano, tuzuie sifa za mapema. Shangazi akianza kumwita nyota, tumwambie kwa upole kwamba bado anajifunza. Hiyo si kumshusha mtoto. Ni kumpunguzia mzigo asioweza kuubeba bado.

Sita, tuwe macho na anayeacha ghafla. Tusimgombeze kwa uvivu kabla hatujakaa naye. Wakati mwingine anachohitaji ni mtu mzima mmoja, si lazima awe mama, anayejua kazi hiyo na atakayemkalisha karibu: fundi wa cherehani wa jirani, mwalimu wa kwaya, mjomba anayepiga gitaa. Kiwanuka aliwapata watu wa namna hiyo, na walimsaidia zaidi kuliko kura ya Januari 2012.

Tunajua mtasema, "Na ada je? Na maisha? Muziki utamlisha?" Swali hilo ni la haki, na mama asiyeuliza hivyo si mama wa Boko. Mtoto amalize shule na ajifunze kazi ya mikono, huku akiimba jioni. Hayo yanaweza kukaa pamoja katika nyumba moja. Lakini hofu yetu ya ugali wa kesho isimfanye aamini kwamba alichotuletea leo hakina thamani.

Wahenga walituambia mwanzo wa ngoma ni lele. Mchezaji hujipasha kwanza, akakosea hatua, akaitafuta tena, nasi tuliokaa pembeni kazi yetu ni kupiga makofi kwa kipimo, ili aisikie ngoma.

Hadi mwezi ujao, tunawatakia amani nyumbani mwenu.